Kutazama sokwe wa milimani Bwindi: saa moja, barakoa na mita kumi

Kibali cha kutazama sokwe wa milimani (gorila) katika Hifadhi ya Taifa ya Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, kinakupa saa moja tu mbele ya wanyama. Kwa viwango vya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA) vilivyoanza Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 800 za Marekani. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, takriban moja ya kumi ya bei hiyo, ilimradi ana pasipoti au kitambulisho cha taifa.

Tathmini nyingi za safari hii huishia kwenye vitanda vya loji na picha ya dume kiongozi. Hapa tunaipima kwa swali jingine: je, huduma yenyewe inamkinga sokwe na pumzi ya mteja? Kwenye karatasi, imepangwa vizuri kuliko huduma nyingi za utalii wa wanyama tunazozifahamu. Msituni, sharti lililo kubwa kuliko yote limekuwa likivunjwa bila haya, na mvunjaji mara nyingi ni mteja mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini saa ni moja na mita ni kumi, lazima umjue Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka. Alisomea udaktari wa wanyama katika Royal Veterinary College, London, na mwaka 1996, akiwa bado katika miaka ya ishirini, akawa daktari wa kwanza wa kudumu wa wanyamapori katika hifadhi za Uganda. Hajakaa sawa, taarifa ikaja kutoka Bwindi: sokwe wananyonyoka manyoya, wanajikuna, ngozi imekauka na kuwa na magamba meupe. Aliuliza swali ambalo madaktari wengi wa wanyama wasingeliuliza, tena alimuuliza daktari wa binadamu: watu wa pale wanaugua zaidi ugonjwa gani wa ngozi? Jibu lilikuwa upele. Vipimo vikathibitisha kuwa sokwe nao walikuwa na upele. Mtoto mmoja alikufa, waliobaki wakapona kwa dawa ya ivermektini.

Njia ya maambukizi inastahili kuelezwa, maana ndiyo msingi wa kila kitu kilichofuata. Kijidudu cha upele huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Mnyama hujikuna mpaka ngozi inachubuka, bakteria huingia, manyoya hutoka, na usiku wa baridi ya mlimani mtoto asiye na manyoya hupoteza joto haraka. Kijidudu hichohicho kinaweza kuishi siku mbili tatu kwenye nguo nje ya mwili. Sasa fikiria mashamba yanayopakana na msitu: sokwe hutoka kufuata migomba, na shambani mkulima amesimamisha sanamu ya kutishia wanyama, kaivisha nguo kuukuu za familia. Sokwe ni mdadisi, huishika. Ukimdunga dawa yeye na ukaiacha familia ile bila maji, sabuni wala dawa ya upele, jiandae kurudi na sindano yako.

Baada ya mafunzo ya ubingwa huko North Carolina, Marekani, mwaka 2003 alianzisha shirika la Conservation Through Public Health (CTPH) pamoja na mumewe Lawrence Zikusoka na Stephen Rubanga. Kazi yake ilikuwa kutibu pande zote kwa mpango mmoja: watu, mifugo na sokwe. Siku hizi mtazamo huo unaitwa Afya Moja na una semina zake kila mahali. Wakati ule wafadhili wa uhifadhi walikuwa wakiuliza vyoo vya vijijini vinahusiana nini na sokwe. Tuzo zilikuja baadaye, ikiwemo ile ya Bingwa wa Dunia ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2021.

Mgeni anayelipa haoni sehemu kubwa ya kazi hiyo, ingawa ndiyo inayofanya saa yake iwezekane. Chukua uchunguzi wa kinyesi. Kila jioni sokwe hujitengenezea tundu jipya la majani, na asubuhi huacha kinyesi humo au pembeni yake. Kwa hiyo mfuatiliaji akifika kwenye matundu ya jana anaweza kupata sampuli ya karibu kila mnyama bila kumgusa yeyote. Bonge lenye upana wa zaidi ya sentimita 7 ni la dume mzima, na mara nyingi ndani ya tundu hilo kuna nywele za rangi ya fedha. Tundu lenye bonge kubwa na dogo kwa pamoja ni la mama na mwanawe. Sampuli hukatwa katikati ya bonge, kwenye sehemu isiyogusa udongo, kwa sababu minyoo ya ardhini huingia haraka na kumpoteza mtu wa maabara. Huwekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuihifadhi, na juu yake huandikwa kundi, tundu, tarehe na mahali. Mvua ikitangulia kunyesha, kazi ya siku hiyo imeharibika kwa kiasi kikubwa. Maabara ya CTPH iko Buhoma, pembeni mwa hifadhi, na hutafuta mayai ya minyoo na vijidudu kama giadia na kriptosporidia, kisha matokeo hulinganishwa na ya ng'ombe, mbuzi na watu wa vijiji vya jirani.

Vijijini kazi hiyo hufanywa na wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi hutakiwa kupima makohozi, maana kifua kikuu ni tishio kwa sokwe kama kilivyo kwa jirani. Hukaguliwa choo, shimo la taka, kichanja cha vyombo na kibuyu chirizi: dumu la lita chache lililoning'inizwa, kamba, kijiti cha kukanyaga na kipande cha sabuni. Kibuyu chirizi hushindikana kwa sababu moja ya kawaida sana, sabuni kuliwa na mbuzi au kuibwa na kunguru; wenye uzoefu huitoboa na kuifunga ndani ya kopo lililogeuzwa. Wahudumu haohao hutoa elimu ya uzazi wa mpango na njia zenyewe, ikiwemo sindano, na hutoa taarifa sokwe wakionekana shambani. Hawana mshahara, ila vikundi vyao hupewa mifugo ya kufuga kwa pamoja. Hili lina akili: anayetegemea posho huacha kazi mradi ukiisha, wakati anayemiliki mbuzi na wenzake ana sababu ya kuendelea kukutana nao.

Sasa siku yenyewe ya safari. Hifadhi ina maeneo manne ya kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kibali chako kinataja eneo, na kosa linaloumiza wengi ni kulala upande mmoja wakati kibali ni cha upande mwingine. Kwenye ramani ni kilomita chache, lakini barabara za milimani zinaweza kula saa kadhaa, na msafara haukusubiri. Kutoka Kampala hadi Buhoma panga siku nzima ya barabara. Anayetokea Kigali akielekea Rushaga anatumia muda mfupi zaidi. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano mpakani.

Asubuhi wageni hukusanyika kwa maelezo, hupimwa joto, hunawa au hutumia kitakasa mikono, kisha hugawanywa katika makundi yasiyozidi watu 8. Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Sababu mojawapo ni nguvu, kwani unaweza kutembea nusu saa au siku nzima. Nyingine ni kwamba watoto ndio wenye mafua, surua na tetekuwanga mara kwa mara. Chukua mpagazi hata kama unajiona una kifua cha mwanariadha. Mteremko wa Bwindi ni matope juu ya majani yasiyo na mzizi, na mkono wa mtu anayeijua njia una thamani kuliko fimbo. Pia pesa ile huingia moja kwa moja kwenye nyumba iliyo jirani na msitu.

Mavazi: suruali iliyochomekwa ndani ya soksi ndefu kwa sababu ya siafu, glavu za bustani kwa ajili ya majani yanayowasha, koti la mvua, buti zenye meno. Maji lita 2. Barakoa ndilo jambo ambalo wageni hulipuuza kuliko yote. Beba angalau tatu za kiwango cha hospitali. Ile uliyoivaa ukipanda imeshalowa jasho ukifika, na iliyolowa haichuji vizuri. Unajikuta unaishusha chini ya pua ili upumue, na hapo imebaki pambo. Ivae mpya pale wafuatiliaji wanaposimamisha msafara na kuwaambia mwache fimbo, mabegi na chakula. Hapo ndipo saa yako inapokaribia kuanza. Kama unavaa miwani, bana waya wa puani vizuri kabla ya kuondoka, maana ukungu kwenye kioo ndio huwafanya wengi wavue kila kitu.

Mbele ya sokwe umbali ni mita 10. Kabla ya Uviko-19 ulikuwa 7. Hakuna mwanga wa kamera, hakuna kula, hakuna kutema mate. Ukibanwa na kikohozi unageuka, unaziba mdomo na kiwiko na kurudi nyuma. Ukibanwa na haja kubwa msituni, mwongozaji anachimba shimo la sentimita 30 na linafukiwa. Si adabu tu: vijidudu vinavyotafutwa maabara kule Buhoma husafiri kwa njia hiyohiyo.

Kwa nini ukali wote huu? Sokwe anachangia nasi takriban asilimia 98 ya vinasaba, lakini hana kinga ya miaka mingi ya mafua yetu. Virusi vinavyokupa wewe kamasi la siku tatu vinaweza kumpa yeye nimonia. Mwaka 2009 upande wa Rwanda, katika kundi la Hirwa, jike mzima na mtoto walikufa kwenye mlipuko wa ugonjwa wa njia ya hewa, na virusi vilivyokutwa ndani yao ni metanimovirusi ya binadamu. Januari 2021 sokwe wa hifadhi ya San Diego, Marekani, waliambukizwa Uviko-19. Hawa wa Bwindi hawana wodi.

Na hapa ndipo tunapoishusha alama huduma hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao Kalema-Zikusoka ni mmoja wa waandishi wake, ulifuatilia misafara ya Bwindi wakati sharti lilikuwa bado mita 7. Sharti hilo lilivunjwa katika zaidi ya asilimia 98 ya misafara. Utafiti wa nyuma zaidi, wa 2006, ulikuta kwamba, kwa wastani, pale watu walipomkaribia sokwe zaidi umbali ulikuwa mita 2.76. Hiyo ni hatua tatu, nne. Kuongeza namba kutoka 7 hadi 10 kwenye bango hakubadilishi miguu ya watu.

Sababu za kuvunjika zinajulikana. Msitu ni mzito, na ukikaa mita 10 pengine unaona mgongo na majani. Mteja aliyelipa dola 800 anasogea. Mwongozaji anajua bahasha ya mwisho wa safari hutegemea picha, hivyo anakata matawi na kumpisha. Sokwe wachanga nao husogelea watu kwa udadisi, na njia ni nyembamba kiasi kwamba kundi la watu wanane haliwezi kurudi nyuma bila kukanyagana. Hilo la mwisho halina wa kulaumiwa. Yale ya mteja na mwongozaji yanatibika, na tiba rahisi iko kwa mteja: mwambie mwongozaji mapema, kabla ya kuingia msituni, kwamba hutaki kusogezwa chini ya mita 10 na kwamba hilo halitapunguza shukrani yako. Lenzi ya milimita 200 inatosha kabisa kwa umbali huo. Simu haitoshi, na ni afadhali ulikubali hilo ukiwa hotelini.

Udhaifu wa pili ni kipima joto. Kinakamata homa tu. Mtu anaweza kutoa virusi vya mafua siku moja kabla hajajisikia vibaya, na mwenye kamasi bila homa hupita bila swali. Kanuni za UWA zinamtaka mgonjwa ajitaje na kubaki nyuma, naye hupangiwa siku nyingine au hurejeshewa fedha kwa mujibu wa taratibu za malipo. Ni kanuni nzuri, ila wageni wengi hawaijui, au ndege yao ni kesho, basi humeza vidonge vya kukausha kamasi na kunyamaza. Kabla ya kulipa, mwandikie wakala umuulize kwa maandishi: nikiugua asubuhi ya safari, nani anasimamia mabadiliko ya kibali na yatachukua siku ngapi? Wakala asiyekuwa na jibu, mwache. Na panga siku moja ya akiba.

Kuna pia kibali cha saa nne kule Rushaga, kwa watu wasiozidi 4, cha kuwafuata sokwe ambao bado wanazoeshwa watu. Wapenda wanyama hukisifu sana. Kwa kipimo cha afya tunasita, kwa kuwa muda wa kukaa karibu ni sehemu ya kipimo cha maambukizi, na hapa muda ni mara nne, hata kama watu ni nusu.

Upande wa fedha, dola 10 za kila kibali cha sokwe huenda kwa jamii zinazozunguka hifadhi, pamoja na asilimia 20 ya kiingilio. Ni kidogo ukilinganisha na bei ya kibali. Watwa, wenyeji wa asili wa msitu huu walioondolewa humo hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991, ndio waliolipa gharama kubwa zaidi na kuambulia kidogo zaidi. Ukipewa ziara ya utamaduni wao kama nyongeza, uliza kwanza fedha inaingia mfuko wa nani.

Lakini utalii huu umezaa matunda, hilo hatulifichi. Sensa ya mwaka 2006 ilihesabu sokwe 302 Bwindi. Ile ya 2018, pamoja na hifadhi jirani ya Sarambwe upande wa Kongo, ilipata 459. Udhaifu wa kutegemea wageni ulionekana mwaka 2020. Hifadhi ilifungwa, vipato vikakauka, na mwezi Juni Rafiki, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, aliuawa na mwindaji aliyekuwa akitafuta nyama pori. Mwindaji alifungwa miaka 11. CTPH iligawa mbegu za mazao yanayokomaa haraka kwa familia za pembezoni, kwa hoja kwamba mwenye njaa haambiwi habari za sokwe. Somo hilo ndilo linaloipa maana bidhaa ya pili tunayoitathmini, ambayo haihitaji mgeni avuke mpaka.

Gorilla Conservation Coffee ni kampuni ya kijamii iliyoanzishwa na Kalema-Zikusoka na wenzake. Hununua Arabika ya wakulima wadogo wanaopakana na Bwindi kwa bei iliyo juu ya soko, na sehemu ya mauzo hurudi CTPH. Mchanganyiko wake maarufu umepewa jina la Kanyonyi, dume kiongozi wa kundi la Mubare aliyekufa mwaka 2017. Mubare ndilo kundi la kwanza kufunguliwa kwa wageni, mwaka 1993. Mjini Entebbe kuna mkahawa wao, kituo cha maana kwa mwenye saa mbili za kusubiri ndege.

Ni kahawa ya mlimani, yenye uchachu mwanana, na huo uchachu ndio unaopotea ukiichemsha kwenye dele nusu saa pamoja na tangawizi. Kwa kahawa chungu ya barazani bado robusta ya kawaida inatosha, tena kwa bei ndogo. Hii ichuje: gramu 15 za unga wa wastani kwa mililita 250 za maji, yaliyochemka kisha yakapumzishwa nusu dakika, na yapite kwa dakika tatu hivi. Ikitoka chachu na nyepesi, saga laini zaidi. Ikitoka chungu na ya kukaba koo, saga nene. Nunua punje, si unga, na tazama tarehe ya kukaangwa. Mfuko uliokaa rafuni miezi sita umekufa, hata ukiwa na picha nzuri ya sokwe.

Bei yake iko juu ya kahawa ya kawaida ya dukani. Kwa anayeichuja vizuri, tunaona inastahili. Kwa anayeweka maziwa nusu kikombe na sukari vijiko vinne, ni afadhali achangie CTPH moja kwa moja.